Mwenye Kuomba Hifadhi na Khofu ya Mwenyeji

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye yeye mwenyewe aliutoka mji wake usiku kwa kukhofiwa roho yake, akapokewa na watu wasiokuwa kabila lake. Ama baad.

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, alinijia kijana mmoja katika wanafunzi wangu wa zamani. Sasa ni mtu mzima, ana duka na ana nyumba ya kupangisha. Akaniuliza: "Maalim, amekuja mama wa Kisomali, mjane, ana watoto wanne. Ana karatasi ya ukimbizi na kodi anayo. Jirani wananambia nisimpe nyumba, eti nitajitia mashakani na nitautia mtaa mzima. Nikimkatalia nina dhambi? Na nikimkubali, kisha likazuka jambo, dhima ni ya nani?"

Nilimwambia anipe muda. Mas-ala haya si mepesi kama wanavyoyafanya wengi wetu. Wako wanaosema, "Hawa ni ndugu zetu, basi, hakuna la kuuliza." Na wako wanaosema, "Hawa ndio walioleta mabomu, basi, watolewe wote." Wote wawili wamesema maneno mafupi katika jambo refu. Nimeona niyaandike majibu yangu hapa ili nanyi mnaosoma myapime, kwani swali hili halikumfika kijana yule peke yake.

HIFADHI NI HAKI, SI HISANI

Kwanza tujue kuwa kumpa hifadhi mwenye kuikimbia roho yake, katika dini yetu, si ukarimu tu kama kumkaribisha mtu kahawa. Katika Sura At-Tawba, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anamwamrisha Mtume wake kuwa, hata mmoja katika washirikina akiomba hifadhi, apewe, asikilizishwe maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Tazama vizuri, ndugu msomaji. Aya hii haikuteremka wakati wa raha. Imo ndani ya sura ya vita, baina ya aya zinazozungumza juu ya watu waliovunja ahadi. Katikati ya khatari yenyewe ndipo Mwenyezi Mungu alipoweka amri ya hifadhi. Basi mtu asituambie kuwa hifadhi ni ya siku za amani, na siku za khofu hukunjwa ikatiwa sandukuni. Siku za khofu ndizo siku zake.

Na kabla ya hapo, Waislamu wenyewe walikuwa wakimbizi. Mwaka wa tano wa utume, yaani karibu na mwaka 615, Maswahaba walivuka bahari wakenda Habasha. Walivuka kwa majahazi, kama watu wa pwani hii wanavyojua kuvuka. Makureshi wakatuma wajumbe wawili, Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia, na zawadi za ngozi nzuri kwa mfalme na kwa wakubwa wake, kutaka watu wale warudishwe. Hoja yao ilikuwa ni hii tunayoisikia mpaka leo: hawa ni vijana wapumbavu, wameharibu kwao, na kwako wataharibu. Wakubwa wa baraza wakamshauri mfalme awatoe. Najashi, ambaye siku zile alikuwa Mkristo na watu wale hawakuwa wa dini yake, akakataa kuwatoa kabla ya kuwasikiliza. Akawaita, akasema Jaafar bin Abi Talib kwa niaba yao. Siku ya pili wajumbe wakarudi na tuhuma kubwa zaidi, inayogusa itikadi ya mfalme mwenyewe kuhusu Nabii Isa (A.S.). Hata hapo Najashi hakusema, "Sasa yametosha." Aliwaita mara ya pili, akawasikiliza mara ya pili. Mwisho akazirudisha zawadi, na wageni wakakaa kwa amani.

Hakimu huyu alikuwa na sababu zote za kisiasa za kuwatoa: zawadi, biashara na Makka, na kelele za barazani. Akazitia zote katika mizani pamoja na haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na haki ikazishinda. Alipokufa, Mtume (S.A.W.) alimsalia sala ya maiti asiyekuwapo.

KHOFU NAYO SI YA UWONGO

Baada ya kusema hayo, sitaki mtu adhani kuwa ninaidharau khofu ya watu. Nchi yetu ya Kenya imelia sana. Tarehe 7 Agosti 1998 yaliripuliwa majengo ya ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu zaidi ya 200. Novemba 2002 ikaripuliwa hoteli Kikambala, hapa karibu nasi. Septemba 2013 wakauawa watu 67 Westgate. Machi 2014 waliuawa watu ndani ya kanisa Likoni, wamekwenda kumuomba Mungu kwa njia yao. Juni mwaka ule ule wakauawa zaidi ya 60 Mpeketoni na jirani zake. Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, watoto wa watu. Na Januari 2019 wakauawa 21 Dusit, Nairobi.

Damu hizi haziwezi kufunikwa kwa khutuba. Kuihifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na serikali isiyowalinda raia zake imekwisha kuiacha kazi yake ya kwanza. Mwenye kutaka mpaka ulindwe, anayeingia aandikwe, na mwenye shaka aulizwe, hakukosa. Bali dini yetu imemlaani anayempa maficho mtu aliyefanya uovu mkubwa akijua. Kumficha muuaji si hifadhi, ni kushiriki katika kuua.

Basi haikubaki mas-ala ya kuwa tulinde au tusilinde. Lililobaki ni hili: tulinde vipi, na mzigo wa khofu yetu aubebe nani?

MIZANI TATU

Wanavyuoni wetu wametuwekea kanuni, na hapa zatutosha tatu.

Ya kwanza ni kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mtu asili yake ni kutokuwa na hatia. Hilo ni yakini. Kuwa ametoka Mogadishu au Kismayu, kuwa jina lake ni fulani, au kuwa lafudhi yake si ya hapa, hayo hayafikii hata kuwa shaka yenye uzito. Ni dhana tu, na katika Sura Al-Hujurat tumekatazwa dhana nyingi kwa kuwa baadhi yake ni dhambi.

Ya pili ni kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Qurani imelikariri jambo hili mara nyingi. Na kama unataka kuliona katika hadithi ya watu, soma Sura Yusuf. Pishi ya mfalme ilipopatikana katika mzigo wa ndugu mdogo, ndugu zake wakamwambia Yusuf (A.S.) amchukue mmoja wao badala yake. Walikuwa wa nyumba moja, baba mmoja, msafara mmoja. Tena wao wenyewe wanajitoa! Yusuf akajilinda kwa Mwenyezi Mungu asimchukue isipokuwa yule aliyemkuta na kitu chake, na akasema kuwa wakifanya vinginevyo watakuwa madhalimu. Ikiwa kumshika ndugu wa damu kwa kosa la ndugu yake, kwa ridhaa yake, ni dhulma, itakuwaje kumshika mtu kwa kosa la mtu asiyemjua, ila tu wametoka nchi moja?

Ya tatu ni kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Khatari ya kweli huhalalisha lililokuwa limezuiliwa, lakini kwa kiasi cha kuiondoa khatari hiyo tu. Mwenye njaa ya kufa akaruhusiwa mzoga, hakuruhusiwa kufungua bucha la mizoga.

Na mtu akiuliza, "Je, Qurani imetufundisha kuchuja wanaoingia?" nitamwambia, naam. Katika Sura Al-Mumtahina, aya ya 10, waumini wameamrishwa kuwa wakijiwa na wanawake waumini waliohama, wawafanyie mtihani. Ni neno hilo hilo: mtihani. Wafasiri wanaeleza kuwa mwanamke alikuwa akiapishwa kuwa hakutoka kwa kumchukia mume wala kwa kutaka dunia. Walakini angalia adabu tatu za mtihani huo. Kila mmoja anaulizwa yeye, si kabila lake. Anahukumiwa kwa dhahiri yake, kwani ya moyoni Mwenyezi Mungu ndiye ayajuaye. Na akiisha kufaulu, harudishwi anakokimbia. Mwenye kutaka uhakiki wa wageni ana dalili hapa, na mwenye kutaka haki za wageni ana dalili hapa hapa, katika aya moja.

TULIFANYA NINI?

Sasa tuvitie vitendo vyetu katika mizani hizo. Vita vya Somalia vilipopamba mwaka 1991, Kenya ilifungua mlango wake. Kambi za Dadaab zilijengwa kwa watu wapatao 90,000, na mwaka wa ukame wa 2011 zikakaribia nusu milioni. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na mbele ya Mwenyezi Mungu halipotei. Nchi nyingi tajiri hazijabeba robo ya mzigo huo.

Lakini khofu ilipozidi tuliteleza. Mwishoni mwa mwaka 2012 ilitolewa amri kuwa wakimbizi wote waliomo mijini warudi makambini. Mahakama Kuu iliibatilisha mwezi wa Julai 2013, kwa kuwa serikali haikuonyesha kuwa kuwatoa watu wale mijini ndiko kutakakoleta usalama. Aprili 2014 ukaja msako mkubwa ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani: wazee, wanawake wenye mimba, watoto wachanga, na hata raia wa Kenya waliozaliwa hapa. Mia kadhaa walitiwa ndegeni wakarudishwa Mogadishu. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab, na Februari 2017 Mahakama Kuu ikalikataa hilo pia, ikaliita ni adhabu ya jumla kwa watu wasiohukumiwa.

Mahakimu wale hawakusoma katika madrasa zetu, lakini walilosema ni lile lile alilosema Nabii Yusuf.

Na je, adhabu ya jumla ilileta usalama? Baada ya msako wa Aprili 2014 ilikuja Mpeketoni, na baada ya Mpeketoni ikaja Garissa. Mmoja katika wauaji wa Garissa hakuwa mkimbizi. Alikuwa Mkenya, amesomea sheria chuo kikuu, mwana wa chifu. Na baba yake ndiye aliyekuwa amekwisha kwenda kwa wakubwa kueleza kuwa mwanawe amepotea. Hapa pana mazingatio. Aliyekuwa na khabari yenye faida alikuwa mzazi wa Kisomali, naye aliipeleka mwenyewe kwa kuwa bado alikuwa na imani kidogo na serikali. Mtu ambaye mkewe amelazwa sakafuni uwanjani hatapeleka khabari tena. Dhulma huondoa macho yale yale ambayo mlinzi anayahitaji.

WANAOPINGA NA HOJA ZAO

Hoja ya kwanza ni ya barazani: "Samaki mmoja akioza, wote wameoza." Nasema, muulizeni muuza samaki wa Marikiti. Akimkuta mmoja ameoza humtoa, akawaosha wengine, akaendelea na biashara yake. Sijapata kumwona anayelitupa tenga zima baharini. Basi ikiwa samaki wa shilingi mia mbili anachunguzwa mmoja mmoja, binadamu aliyekirimiwa na Mola wake ahukumiwe kwa tenga?

Hoja ya pili ni ya wenye elimu kidogo. Wanasema kuondoa madhara hutangulia kuleta manufaa, basi tuwatoe ili tuondoe madhara. Kanuni ni sahihi, lakini wameitumia nusu. Kumrudisha mtu kwenye bunduki ni madhara au ni manufaa? Kumtenga mtoto na mamake? Hayo nayo ni madhara, tena ya yakini, hali ya kuwa yale wanayoyaogopa ni ya dhana. Na madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, sembuse yaliyo makubwa zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siwezi kuipita. Wanasema: "Mbona Mtume (S.A.W.) mwenyewe, siku ya Hudaybiya, alimrudisha Abu Jandal, amekuja na minyororo miguuni?" Ni kweli. Alimuomba babake, Suhail bin Amr, amwachie, Suhail akakataa, na Mtume akamwambia Abu Jandal asubiri, Mwenyezi Mungu atamfungulia njia. Waislamu waliokuwapo waliumia sana. Lakini kwa nini alimrudisha? Si kwa kumkhofu, wala si kwa kumchoka. Alimrudisha kwa sababu alikuwa amekwisha kufungamana na watu, na Mtume havunji ahadi.

Sasa tuulize: sisi tumefungamana nini? Kenya iliukubali mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 tangu mwaka 1966. Ukaja mkataba wa nchi za Afrika wa mwaka 1969, nao tukaukubali. Mikataba yote miwili yakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa khatarini. Ule wa mwanzo waruhusu kumtoa mtu ambaye yeye mwenyewe, kwa sababu za maana, ni khatari kwa nchi. Ule wa Afrika wamkataza mkimbizi kufanya fitina dhidi ya nchi nyingine kutoka hapo alipohifadhiwa. Hiyo ndiyo ahadi yetu. Kwa hivyo mwenye kuitoa Hudaybiya kuwa ni dalili ya kuwarudisha watu, dalili yenyewe imemgeukia. Funzo lake ni kutimiza ahadi, na ahadi tuliyoitia sahihi ni ya kutowarudisha. Tena hata katika Hudaybiya, alipokuja Umm Kulthum binti Uqba na ndugu zake wakamfuata kumdai, hakurudishwa. Na hatimaye Makureshi wenyewe ndio walioomba sharti lile liondolewe.

Hoja ya nne ni ya maisha: "Watatunyang'anya kazi na kutupandishia kodi za nyumba." Sina haja ya kulikanusha, kwani Eastleigh na hata hapa Mombasa bei zimepanda, na maskini anaumia. Lakini wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema ya tatu mfunge kambini. Sisi tumewakalisha watu miaka 30 jangwani wakingojea unga wa msaada, bila ruhusa ya kufanya kazi wala ya kutoka, kisha tukawaita wavivu. Amezaliwa mtoto Dadaab, ameoa Dadaab, amezaa Dadaab. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, na Mpango wa Shirika uliozinduliwa Machi 2025 wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya kawaida pamoja na wenyeji, ni kulileta lile jembe baada ya kuchelewa sana. Tuombe litolewe kweli, lisibaki katika karatasi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nimewalaumu wengine, na si uadilifu niyafiche yangu.

Katika siku za msako wa mwaka 2014 nilikuwa na mwanafunzi, kijana wa miaka 19. Mamake ni mtu wa Barawa, alikuja kwa jahazi mwaka 1991. Kambi ya Utange ilipofungwa, wenziwe wengine walipelekwa mbali na wengine wakenda Marekani. Yeye alibaki mjini akipika mikate ya kuuza. Mtoto alizaliwa hapa na alisoma kwangu tangu Alif. Kwa hifdhi yake nilikuwa nikimtanguliza kusalisha Tarawehe. Usiku mmoja alichukuliwa pamoja na wengine.

Baada ya Alfajiri mama yule alikuja mlangoni pangu. Akasema, "Maalim, twende nawe kituoni ukaseme tu kuwa wamjua. Sitaki jengine."

Nami nilimjua. Nilimjua kama ninavyowajua wanangu. Lakini nilikhofu. Miezi ile masheikh wa Mombasa walikuwa wakiuawa kwa risasi njiani na wauaji hawajulikani, na nikasema moyoni, nikionekana kituoni nikimtetea Msomali, jina langu litaandikwa. Nikamwambia, "Mama, ngoja kwanza nishauriane na wenzangu, baada ya Adhuhuri tutaona." Baada ya Adhuhuri nikasema baada ya Alasiri. Nilipokwenda ilikuwa siku ya pili, na kijana alikuwa amekwisha kuhamishwa. Alikaa siku 23, akaachwa bila ya kushitakiwa kitu chochote. Alirudi amekonda, na jino moja limevunjika.

Alipokuja madrasa alinibusu mkono kama kawaida yake. Hakunitajia neno, na mpaka leo hajanitajia. Mimi ndiye ninayelitaja, kila ninapoisomesha Sura Al-Baqara nikafika aya ya 283, inayokataza kuuficha ushahidi na kusema kuwa mwenye kuuficha, moyo wake umeingia dhambini. Wanafunzi hudhani natua hapo ili wapate kuandika.

Nimemuomba mama yule msamaha, akanisamehe. Ya Mwenyezi Mungu nayatarajia. Lakini nimejifunza kuwa dhulma kubwa haifanywi na wenye bunduki peke yao. Inahitaji pia watu wema wanaosema, "Ngoja mpaka Adhuhuri."

TUSIJISAHAU

Enyi watu wa Pwani, tusijifanye kuwa jambo hili ni la watu wa mbali. Barawa ndiko alikotoka Sheikh Uways, ambaye dhikri yake ya Kadiria ilienea mpaka Unguja na bara. Lugha yao ya Chimiini ni nduguye Kiswahili chetu. Habib Swaleh aliyejenga Riyadha ya Lamu alikuja mgeni kutoka Ngazija, na si wakubwa wote wa mji waliompenda mwanzoni. Kama wazee wetu wangefunga milango, nusu ya misikiti yetu isingekuwa na masheikh.

Tena, mwaka 1964 majahazi yalitoka Unguja yakaleta watu Mombasa na mavazi yao tu. Na baada ya mauaji ya Januari 2001 huko Unguja na Pemba, watu zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka kwa mashua wakashukia Shimoni. Wavuvi wa Shimoni waliwapa chakula kabla ya kuwauliza karatasi. Baadhi ya Wapemba hao, Waswahili kama sisi, walipelekwa Dadaab. Mkimbizi si kabila. Ni hali, nayo yaweza kumfika yeyote asubuhi yoyote.

Na watu wa Lamu wanajua maana ya kuadhibiwa kwa jumla. Kwa ajili ya usalama walizuiliwa kuvua usiku kwa miaka, hali ya kuwa hakuna aliyethibitisha kuwa mvuvi yule mwenye nyavu zake ndiye adui. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Na binti zetu walioko Ghuba wakifanya kazi majumbani, wanyang'anywapo pasi zao na mishahara yao, tunapiga kelele kuwa mgeni ana haki. Basi haki tunayoitaka kwa binti zetu Riyadh, tuitoe kwa binti wa watu hapa Majengo. Imani haikamiliki mpaka mtu ampendelee nduguye anachojipendelea nafsi yake.

JAWABU

Sasa nakurejea, kijana wangu.

Mtazame karatasi zake mama huyo. Kama ni sawa, mpe nyumba kwa kodi ile ile unayomtoza mwengine, kwani kumpandishia mgeni kwa sababu hana pa kwenda ni kula mali ya mtu kwa batili. Kama hana ruhusa ya kukaa mjini, usimfukuze wala usimfiche. Mpeleke kwa wanaoijua sheria wamtafutie njia, na uende naye wewe mwenyewe, leo, usingoje Adhuhuri. Andikianeni mkataba, muwe na mashahidi wawili, na mzee wa mtaa ajue. Hayo si kumdhania vibaya. Ni kinga yake na kinga yako.

Nyumba hiyo ikija kuonekana silaha, au ikisikika ndani yake mipango ya kuua, ni wajibu wako kupeleka khabari, awe Msomali, awe Mswahili, awe mwanao. Lakini peleka ulichokiona. Usipeleke usichokipenda.

Mama naye ana wajibu wake. Ahishimu sheria za nchi iliyompokea, asiifanye nyumba yake maficho ya mtu asiyefaa, na awasomeshe wanawe. Mgeni mwenye kuikhini amana anawafungia mlango wageni elfu walioko nyuma yake.

Na ukifanya hayo yote kisha likazuka jambo usilolijua, dhima si yako. Hutaulizwa juu ya yaliyofichika nyuma ya pazia. Utaulizwa kama ulimfungulia mjane na mayatima ulipokuwa na uwezo, au uliwafungia kwa neno la jirani.

Siku ya ufunguzi wa Makka, Umm Hani aliwapa hifadhi watu wawili katika wakweze, na nduguye Ali alitaka kuwaua. Akenda kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwambia kuwa aliowahifadhi yeye, Waislamu wote wamewahifadhi. Mwanamke mmoja, nyumbani kwake, siku ya vita, na jeshi zima likasimama. Basi usiudharau mlango wako.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azipe amani nchi zetu, awarehemu waliouawa bila ya haki wa kila dini, awarejeshe makwao kwa salama wanaotaka kurudi, na atusamehe tuliochelewa. Amin.

Wallahu a'alam.